Gazeti la Jana: Usomaji, Ushahidi na Ardhi kati ya Kitengela na Kajiado

Historia ya magazeti ya Kiswahili aghalabu huandikwa kutoka upande wa mtambo wa chapa. Huanzia Zanzibar mwaka wa 1888, wamisionari wa UMCA walipotoa Msimulizi. Hupita Dar es Salaam mwaka wa 1923, serikali ya kikoloni ilipoanzisha Mambo Leo. Hufika Nairobi mwaka wa 1939 kwa Baraza, na tena mwaka wa 1958 kwa Taifa, ambalo ndilo lililozaa Taifa Leo mwaka wa 1960. Kisha hukoma pale mtafiti anapoishiwa na tarehe. Historia ya namna hii ina manufaa yake, na bila hiyo mengi yasingejulikana. Kasoro yake ni kwamba humsahau mtu aliyesimama upande wa pili wa karatasi. Ni nani aliyelisoma gazeti, alilisomea wapi, lilimfikia likiwa na siku ngapi, na alilifanyia nini baada ya kulisoma? Maswali haya yamekuwa mazito zaidi katika miaka hii ambapo gazeti la karatasi linaondoka mikononi mwa watu na habari zinahamia kwenye simu, kwani kinachoondoka hakiwezi kupimwa sawasawa ikiwa matumizi yake hayakupata kuelezwa.

Mwaka wa 1983 Benedict Anderson alitoa hoja ambayo imekaririwa sana vyuoni: kwamba gazeti husaidia kujenga taifa kwa sababu maelfu ya watu wasiojuana hulisoma karibu saa moja, kila mmoja akijua kuwa wengine wanafanya vivyo hivyo, na kwamba kesho yake gazeti hilo limekwisha kuchakaa. Hoja hii ina nguvu. Hata hivyo, mtu akiipeleka kwenye barabara itokayo Athi River kwenda Namanga, akapita nayo Kitengela, Isinya na Kajiado, ataiona ikipungukiwa njiani. Huko gazeti halikusomwa saa moja na wala halikuchakaa kesho yake. Lilisomwa siku ya kwanza mjini, siku ya pili au ya tano katika maboma, na nakala moja ilipita mikononi mwa watu ambao hakuna takwimu ya mauzo iliyopata kuwahesabu. Makala hii inadai kwamba habari za mtandaoni hazikulinyang'anya gazeti la huku kasi, maana kasi halikuwa nayo tangu mwanzo. Zililinyang'anya meza: mahali ambapo nakala moja ilisomwa kwa sauti, ikafasiriwa, ikabishaniwa, na ikabaki kuwa shahidi.

Nakala moja, wasomaji wengi

Kajiado ni nchi ya Wamaasai ambamo Kiswahili kiliingia kwa reli, kwa ofisi ya serikali, kwa soko la mifugo na kwa shule. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyojengwa katika muongo wa 1910 kwa ajili ya magadi ya ziwa hilo, ilipita Kajiado na kuleta makarani, mafundi na wachuuzi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Barabara ya Namanga ikaongeza madereva na wafanyabiashara wa ng'ombe. Kwa hiyo Kiswahili kilipofika kilikuwa tayari ni lugha ya shughuli na mgeni, ilhali mambo ya nyumbani, ya rika na ya ukoo yaliendelea kusemwa kwa Kimaa. Shule ilikuja kuipa lugha hiyo uzito mwingine, hasa baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka wa 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima lenye mtihani. Tangu hapo kila kituo cha biashara kilikuwa na vijana walioweza kusoma Taifa Leo bila kusita, na wazee walioweza kuwasikiliza.

Umbali una maana katika jambo hili. Kitengela, ambayo kituo chake cha biashara kilijulikana pia kwa jina la Noonkopir, iko takriban kilomita 30 kutoka Nairobi. Mji wa Kajiado uko takriban kilomita 80. Gazeti liliweza kufika Kitengela asubuhi pamoja na mkate, na Kajiado baadaye kidogo, lakini kuliacha barabara kuu na kuelekea ndani kulitegemea mtu. Aliyekwenda sokoni ndiye aliyerudi nalo. Neno "gazeti la leo" huko ndani lilikuwa na mzaha ndani yake.

Desturi zilizozunguka nakala hiyo moja zinajulikana kote nchini Kenya, ingawa hazijapewa nafasi katika uhakiki. Mbele ya meza ya muuza magazeti watu husimama wakasoma vichwa vya habari bila kulipa, wakajadiliana na kuondoka. Baadhi ya wauzaji hukubali kumkodisha msomaji gazeti kwa senti chache, alisome papo hapo na kulirudisha likiwa halijakunjika. Hotelini, gazeti la mwenye hoteli lilikuwa mali ya kila aliyeagiza chai, nalo liligawanywa kurasa: huyu ana michezo, yule ana siasa, mwingine anangojea ukurasa wa vifo na matangazo. Stesheni za redio nazo zilizoea kusoma vichwa vya magazeti kila asubuhi, kiasi kwamba asiyejua kusoma alikuwa na habari ya lililoandikwa. Baada ya hapo gazeti lilianza maisha yake ya pili. Lilibandikwa katika kuta za nyumba za mabati ili kuzuia baridi na vumbi, na hapo ukutani likasomwa tena na watoto miezi mingi baadaye. Au lilifungia nyama katika bucha, na mnunuzi akafika nyumbani na nusu ya hotuba ya waziri. Mhakiki wa matini angefanya vyema kuuliza ni utanzu gani mwingine wa Kiswahili uliowahi kuwa na mzunguko mrefu namna hii kwa nakala chache namna hii.

La muhimu zaidi ni kwamba kusoma kwenyewe hakukuwa tendo la mtu mmoja. Aliyesoma kwa sauti alisoma Kiswahili, au alisoma Kiingereza akakigeuza kuwa Kiswahili, kisha akatoa maelezo kwa Kimaa kwa ajili ya mzee aliyeketi kando. Mzee akauliza swali. Msomaji akarudi kwenye mstari ule ule kuhakikisha. Wananadharia wa fasihi simulizi, wakimfuata Walter Ong, wamezoea kuweka mpaka kati ya neno la mdomo na neno la maandishi. Katika meza hii mpaka huo hauonekani. Maandishi yalikuwa kama nguzo ambayo mazungumzo yalifungwa kwayo ili yasichukuliwe na upepo.

Fani ya kuchelewa

Matini inayojua kwamba itasomwa kwa kuchelewa hujitengenezea fani yake. Habari ya moto huzeeka kwa siku moja, lakini malalamiko, hoja na shairi huweza kungoja. Si ajabu basi kwamba sehemu za gazeti la Kiswahili zilizopendwa na kudumu zaidi ni zile ambazo kuchelewa hakuziharibu: barua kwa mhariri, makala ya maoni, na ukurasa wa mashairi. Mambo Leo lilianza desturi hiyo mapema, na mashairi ya Shaaban Robert ni miongoni mwa yaliyopitia kurasa zake; Taifa Leo limeiendeleza hadi kizazi hiki.

Ukurasa wa mashairi unastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana ndio unaoonyesha wazi zaidi jinsi muda unavyoingia katika muundo. Mshairi wa Pwani huuliza swali kwa tarbia. Jibu hutoka bara baada ya majuma kadhaa, likichukua vina vya mwulizaji au likivikataa kwa makusudi. Wa tatu huingilia kati akiwasuluhisha wote wawili. Kila mmoja hutia sahihi kwa jina, kwa lakabu na kwa mahali atokako, na jina la mahali lina kazi ya kishairi, kwani ndilo linalomwambia msomaji kwamba lugha hii imefika hata huko. Malumbano ya namna hii yanahitaji pumzi. Yakiharakishwa, mshairi anayejibu hana nafasi ya kusoma swali mara tatu, kulikariri na kulitafutia mizani. Katika mtandao leo mtu huweza kubandika shairi na kupata majibu mia kwa saa moja, na mengi ya majibu hayo ni alama ya kidole gumba.

Hata hivyo haifai kulipamba gazeti kwa sifa ambazo halikuwa nazo. Kwa muda mrefu gazeti la Kiswahili lilikuwa mdogo wake gazeti la Kiingereza katika nyumba ile ile: wafanyakazi wachache zaidi, matangazo machache zaidi, na habari nyingi zilizotafsiriwa kwa haraka hata sentensi zikabeba mifupa ya Kiingereza. Kajiado yenyewe iliingia humo kwa milango michache. Palikuwa na mlango wa ukame, mlango wa simba, mlango wa ugomvi wa mipaka na mlango wa utamaduni, ambapo picha ya morani ilichapishwa kila ilipohitajika rangi. Mmaasai alizungumziwa mara nyingi kuliko alivyozungumza. Juhudi za Wizara ya Habari za kuanzisha magazeti ya vijijini, zilizotoa majina kama Sauti ya Pwani na Sauti ya Gusii, ziliwapa watu wa sehemu nyingine za nchi angalau karatasi yenye jina la kwao. Katika barabara ya Namanga msomaji alitegemea hasa gazeti la Nairobi, na Nairobi ilikuwa karibu mno kumruhusu mtu kuanzisha lake.

Kuja kwa simu

Mabadiliko hayakuanza na habari. Yalianza na pesa. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, mchuuzi wa Kitengela na mfugaji wa Ilbisil walianza kusoma kila siku matini fupi yenye jina, kiasi, tarehe na saa, na maisha yao yakategemea kuisoma bila kosa. Yamkini hakuna kampeni ya kisomo iliyopata kufanya kazi hiyo kwa upana ule. Mwaka wa 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, gharama ya intaneti ikaanza kushuka, na kidole kilichozoea kufungua ujumbe wa pesa hakikuona taabu kufungua habari.

Wakati huo huo watu wenyewe walikuwa wanabadilika. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa imegawanywa kwa wanachama mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya kuuza nje vya Athi River vilifuata baada ya sheria ya mwaka wa 1990. Vipande vya ardhi vikauzwa, vikakatwa na kuuzwa tena. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 ilipata wakazi 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya mwaka wa 2019 ilipata 1,117,840, na Kitengela peke yake ikawa na zaidi ya 150,000. Wengi wa wakazi hawa wapya hulala Kitengela na kufanya kazi Nairobi. Msomaji wa aina hii hana meza. Ana kiti katika matatu, saa moja ya msongamano wa magari, na simu.

Visa viwili vya simba vinafaa kulinganishwa hapa, kwa kuwa vyote viwili vilitokea katika njia hii na vimetenganishwa na miaka minne tu. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliotoka katika mbuga waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya mifugo kushambuliwa. Habari ilifika mtandaoni, naam, lakini mjadala wake uliendeshwa kwa mwendo wa magazeti: siku ya kwanza mauaji, siku zilizofuata lawama, kisha swali la fidia kwa mfugaji aliyepoteza mbuzi, swali ambalo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ilikuja kuliwekea utaratibu. Mfugaji alipata angalau aya moja.

Tarehe 30 Machi 2016 simba mmoja dume aliyetoroka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi alifika Isinya, akazingirwa na umati, akamjeruhi mtu mmoja, na maafisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS, wakampiga risasi. Safari hii picha zilikuwa katika simu za watu siku iyo hiyo, na zikazunguka dunia kabla ya mtambo wa chapa kuanza kunguruma. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki ni jina. Simba huyo aliitwa Mohawk, kwa ajili ya manyoya yake ya shingoni, na kwa jina hilo akawa mhusika: ana sura, ana umri, ana tabia, ana kifo cha kusikitisha. Umati uliomzingira haukuwa na jina. Aliyejeruhiwa akabaki mtu mmoja. Katika simulizi iliyoenea kwa kasi hiyo nafsi ilipewa simba, na watu wa Isinya wakawa mandhari. Magazeti ya kesho yake yalijaribu kurudisha uwiano kwa kuuliza juu ya ua wa mbuga na juu ya risasi, ila yaliwakuta wasomaji wamekwisha kulia, wamekwisha kukasirika, na wamehamia jambo jingine.

Pigo la mwaka wa 2020 lilikuwa la namna tofauti. Ugonjwa wa korona ulipothibitishwa nchini mwezi wa Machi, karatasi iliyopita mikononi mwa wengi ikageuka kuwa kitu cha kuogopwa. Ile sifa yake kuu, ya kuwa nakala moja kwa watu ishirini, ndiyo iliyolihukumu. Tarehe 6 Aprili serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi, mpaka ulipita ndani ya Kajiado yenyewe: Kitengela, pamoja na Ngong, Kiserian na Ongata Rongai, ikawekwa upande wa jiji, na mji wa Kajiado ukabaki nje. Hali hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa Julai. Vyombo vya habari viliruhusiwa kufanya kazi, lakini msafiri aliyezoea kurudi nyumbani na gazeti kwapani hakuweza kupita. Hoteli zilipofunguliwa tena zilirudisha sukari na chumvi mezani. Gazeti mara nyingi halikurudi.

Mwaka wa 2024 ulionyesha upande mwingine wa sarafu. Katika maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, Kitengela ilikuwa mojawapo ya vituo vyenye joto kali. Na wanaharakati watatu walipotekwa huko tarehe 19 Agosti, kisha wakaachiliwa tarehe 20 Septemba, ni mtandao uliolishikilia jambo hilo siku baada ya siku. Si haki kusema kwamba simu huleta uvivu tu. Hapa ilileta ukaidi, na kwa kasi ambayo gazeti lisingeiweza. Linalomhusu mwanafunzi wa lugha ni kwamba ukaidi huo ulisemwa zaidi kwa Kiingereza na Sheng. Kiswahili sanifu, ambacho katika gazeti kilikuwa na chumba chake, kilijikuta mgeni katika uwanja mpya wa umma.

Kuna msomaji mmoja ambaye hajaondoka. Wanafunzi wa shule za sekondari za bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, na maktaba ya shule inayonunua Taifa Leo kwa ajili ya kurasa za insha, mashairi na miongozo ya vitabu teule humpa mwanafunzi huyo kitu ambacho baba yake amekwisha kukiacha. Ni hali ya ajabu kidogo kwamba msomaji aliye mwaminifu kuliko wote analindwa na katazo. Kwa upande mwingine, watu wazima hupokea kila asubuhi, kwa njia ya WhatsApp na Telegram, gazeti zima lililonakiliwa kwa wizi, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na matangazo yake. Wachapishaji hulalamika, na wana haki ya kulalamika. Lakini ni vyema kutambua kinachoibwa. Habari zenyewe mwizi angeweza kuzipata bure kwingineko. Anachotaka ni gazeti lenye kurasa, lenye mwanzo na mwisho, lenye tarehe juu, lisilobadilika baada ya saa sita.

Shahidi

Tarehe hiyo ya juu ya ukurasa ndiyo inayoifikisha makala hii kwenye jambo lenye uzito kuliko yote katika Kajiado, yaani ardhi. Historia ya Wamaasai wa kusini katika karne ya ishirini yaweza kusomwa kama historia ya karatasi zilizoandikwa na wengine. Kwa mkataba wa mwaka wa 1904 walihamishwa wakapewa hifadhi mbili, ya kaskazini na ya kusini, kwa ahadi ya kudumu. Kwa mkataba wa mwaka wa 1911 ahadi hiyo ilivunjwa na wa kaskazini wakasukumwa kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, waliambiwa kwamba mikataba ile ni ya dola na dola na mahakama haina uwezo juu yake. Waliotia alama zao hawakuweza kuisoma karatasi waliyoitia alama. Mwaka wa 1968 zikaja sheria za uamuzi wa mipaka na za ranchi za vikundi, kisha ugawaji, kisha hatimiliki za mtu mmoja mmoja, na majina ya mahali yakageuka kuwa nambari: Kajiado/Kitengela, Kajiado/Kaputiei-North, mkwaju na tarakimu.

Sheria ilijua kwamba karatasi huweza kumwibia mtu, nayo ikaweka kinga yake ndani ya karatasi nyingine. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 kilitaka kwamba hatimiliki inapodaiwa kupotea, msajili asitoe nyingine mpaka tangazo litolewe katika Gazeti Rasmi la serikali na katika magazeti mawili yanayosambazwa nchi nzima, na siku 60 zipite. Mantiki yake ni ya kibarazani kabisa: anayedai amepoteza cheti asimame mbele ya watu aseme, na asiyekubali ajitokeze. Gazeti limewekwa mahali pa baraza.

Tangazo hili ni matini inayostahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote, ingawa hakuna anayelitia katika silabasi. Huanza kwa kiunganishi. Hutaja jina moja, sanduku moja la posta na nambari ya kipande. Hueleza kupotea kwa cheti kwa sauti ya kutendwa, hata haijulikani nani alikipoteza. Kisha hutoa muda na kunyamaza. Halina mandhari. Bonde, mti wa mpaka, kisima na jina la Kimaa la kilima havimo. Mtu aliyezaliwa juu ya ardhi hiyo huweza kulisoma mara mbili asitambue kwamba ni kwake panaposemwa. Fauka ya hayo, huandikwa kwa kawaida kwa Kiingereza, licha ya Katiba ya mwaka wa 2010 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia.

Hapo ndipo meza ya hoteli ilipokuwa na kazi ambayo hakuna sheria iliyoitaja. Kijana aliyesoma alipopitisha macho katika ukurasa wa matangazo na kukutana na neno Kaputiei, alilisoma kwa sauti. Mwenye kujua nambari akashtuka. Mwenye kumjua mwenye jina akatuma mtu. Tangazo lisilokuwa na mandhari lilirudishiwa mandhari yake na wasikilizaji. Mfasiri huyo hakulipwa wala hakuandikwa popote, na haikuwa lazima awepo. Wapo waliopoteza ardhi wakati gazeti lilikuwa na nguvu zake zote. Lakini alipokuwapo, kinga ya sheria ilikuwa na miguu.

Katika simu tangazo la namna hii halipo njiani. Gazeti Rasmi lapatikana mtandaoni kwa atakayelitafuta, na anayelitafuta ni wakili au dalali. Mfugaji hatafuti asichojua kwamba kipo. Ukurasa wa gazeti ulikuwa na fadhila ya kumkutanisha mtu na jambo ambalo hakulikusudia, kwa sababu tu lilikaa karibu na matokeo ya kandanda. Mtandao humpa kila mmoja alichokwisha kukipenda. Matangazo ya serikali yenyewe nayo yamezidi kukonda njiani: mwaka wa 2015 yalikusanywa katika kijarida kiitwacho MyGov, kilichoingizwa ndani ya magazeti, na mwaka wa 2024 ikaamuliwa kwamba kijarida hicho kiingizwe katika gazeti moja, The Star, ambalo ni la Kiingereza. Kwa uamuzi huo, msomaji wa Taifa Leo katika mji wa Kajiado, kama bado alikuwapo, hakikutiwa ndani ya gazeti lake.

Watunga sheria hawakulala kabisa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 ilitaka mikutano ya kuchagua kamati itangazwe kwa gazeti na kwa redio pia, na redio, hasa zile zinazotangaza kwa Kimaa, imechukua sehemu ya kazi ya yule kijana wa hotelini. Mwaka wa 2020 kanuni za mashauri ya madai zilirekebishwa, na hati za mahakama zikaruhusiwa kupelekwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu. Tarehe 27 Aprili 2021 usajili wa ardhi kwa njia ya mtandao, Ardhisasa, ulizinduliwa, ukianzia Nairobi. Kila moja ya hatua hizi inakubali kwa namna yake kwamba wasomaji wamehama. Kile kifungu cha 33, hata hivyo, kiliandikwa kwa ajili ya taifa lenye meza za magazeti, na hesabu ya siku zake 60 huanza siku ile karatasi inapotoka mtamboni, iwe imefika Ilbisil au haikufika.